Aliyemwita Zena

"Abee," aliitika Zena, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Mwanahawa aliinua uso kutoka kwenye ungo wa maharage. Ilikuwa alasiri, mvua imetoka kukatika, na ua wa nyumba yao pale Kasulu ulikuwa kimya isipokuwa matone yaliyodondoka kutoka batini. Mtoto alikaa kizingitini, kidude chake cha muziki kimebanwa kwenye kola ya gauni, nyaya zimezama masikioni.

"Unamwitikia nani?"

Zena hakusikia. Mama yake akarudia, kisha akamgusa bega, ndipo mtoto akachomoa waya mmoja na kumtazama kwa macho ya mtu aliyeamshwa.

"Mama kaniita."

"Mimi sijakuita."

"Najua," alisema Zena, akarudisha waya sikioni.

Kidude hicho kilikuwa kimeleta ugomvi tangu kilipoingia. Khatibu, mume wa Mwanahawa, alikuwa na duka la simu karibu na stendi, akiuza chaja na kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi, na Idi ya mwaka ule wa 2013 alimletea binti yake MP3 nyekundu, ndogo kuliko kiberiti. Mwanahawa alikataa siku ile ile. Alisema mtoto wa miaka sita anahitaji masikio ya kusikia anapoitwa, muziki utamkuta mbele. Mwalimu Loyce, jirani yao, alimuunga mkono.

"Darasani kwangu ninao wawili wenye hivyo vidude," alisema. "Hata ukiwavua nyaya, bado wapo huko huko. Ni kama kusomesha ukuta."

Khatibu alicheka. "Mtoto akililia wembe, mpe."

"Waliosema hivyo hawakuwa wao wanaofua damu," alijibu Mwanahawa.

Lakini Zena alitulia, na hapo ndipo wazazi wengi tunapopatikana. Mtoto akitulia tunamshukuru Mungu, hatuulizi katulia na nani. Mwanahawa naye alikuwa na mapishi, kufua, na biashara yake ya maandazi ya asubuhi. Akanyamaza. Baadaye alijichukia kwa kunyamaza huko.

Zile "abee" zikaongezeka. Zena akawa anaitikia akiwa anakula, akiwa anaoga, akiwa anasoma juzuu yake, na kila akiitikia alitabasamu kidogo. Akaanza kuimba wimbo wa Kiha. Mwanahawa, aliyezaliwa Pangani na kuletwa bara kwa ndoa, alidhani ameupata kwa watoto wa jirani, hadi Loyce alipousikia juu ya ukuta wa ua na kuacha kuanika nguo zake.

"Mama Zena, huo wimbo kafundishwa na nani?"

"Si nyinyi Waha?"

Loyce alisogea, akashusha sauti. "Huo haimbiwi mtoto aliyezaliwa. Anayeimba anasema, wewe uliye tumboni, mwana wanje, mwanangu, toka nikuone. Toka, nimechoka kungoja."

Jioni hiyo Zena alisukuma sahani. "Mama amesema nisile cha hapa."

"Mama yupi?"

Mtoto aligusa sikio. "Wa humu."

Ndipo Mwanahawa alipoanza kuinusa ile harufu. Ilikuwa ya maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo, harufu anayoijua kila aliyewahi kunyonyesha, lakini ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtoto mchanga. Iling'ang'ania mto wa Zena, na nywele zake, hata alipomwosha kwa sabuni na limau.

Kisha jenereta la mji likapata hitilafu, umeme ukakatika, na simu zote za nyumbani zikaishiwa chaji. MP3 nayo ilikufa. Mwanahawa aliiona mwenyewe, taa yake ndogo imezimika, ameibonyeza mara kadhaa bila kitu. Hata hivyo, saa ya magharibi alipoingia chumbani kuwasha koroboi alimkuta Zena ameketi gizani, nyaya masikioni, akiyumba mbele na nyuma.

Alimvua zile nyaya. Alitaka kuzitupa, lakini alizichomeka masikioni mwake mwenyewe, na mwanzo palikuwa kimya, kimya cha chumba chenye mtu ndani, halafu ikaja pumzi, pumzi nzito ya mwanamke aliyebeba mzigo, halafu wimbo ule ule, chini kabisa, na kadiri alivyosikiliza ndivyo ile harufu ya maziwa ilivyozidi kumpanda puani kutoka kwenye sponji za nyaya zile, mpaka sauti ikaukata wimbo katikati, ikatulia kidogo kama mtu anayetega sikio mlangoni, ikasema kwa upole, bila hasira hata chembe: "Wewe siye. Mrudishie mwanangu."

Maalim Hilali aliletwa usiku huo huo. Mchana alikuwa fundi wa kuziba sufuria sokoni, jioni akisomesha watoto chuo cha Kurani, na watu walimwita kwa kisomo pale mambo yalipowashinda. Alimsomea Zena kwa muda mrefu. Mtoto hakupiga kelele wala hakuanguka. Aliangalia ukuta tu, akiitikia "abee" kila baada ya aya, mpaka Maalim akafunga msahafu.

"Jina la huyu mtoto alilichagua nani?"

"Baba yake," alisema Mwanahawa. Alikumbuka alivyoomba binti aitwe kwa jina la marehemu mama yake, na Khatibu, asiyekuwa mbishi kwa kawaida, akakataa katakata.

Maalim alimgeukia Khatibu. "Sema, bwana. Huku anakoitwa si kugeni kwako."

Khatibu alisema akiwa ameinamia mkeka. Kabla ya Kasulu alikuwa na kibanda Kibondo, na huko, katika kijiji cha Kitahana, aliishi na mwanamke aliyeitwa Epifania. Alipopata mimba walikubaliana, akija wa kike aitwe Zena. Epifania alikuwa akiliimbia tumbo lake, na Khatibu akamrekodi kwa simu. Uzazi ukawa mbaya. Alikufa yeye na mtoto wake.

"Na memori kadi yenye sauti hiyo?" aliuliza Mwanahawa.

"Ndiyo iliyomo kwenye MP3."

"Ukamvalisha mwanangu masikioni."

"Nilitaka tu aimbiwe," alisema Khatibu. "Sauti ile haikuwa na wa kumwimbia."

 Miaka minane Mwanahawa aliamini kuwa ndiye wa kwanza katika nyumba ya mtu huyu. Sokoni walimwita Mama Zena, kwenye mikeka ya misiba Mama Zena, na mume wake kitandani vivyo hivyo, na kumbe jina hilo lilikuwa la mwanamke mwingine tangu mwanzo, yeye kavikwa tu kama kanga ya marehemu. Iliuma kuliko ile sauti yenyewe.

"Aliyekufa kapumzika," alisema Maalim. "Hili ni jini lililoikuta hamu yake tupu likaingia, kama nyoka anavyoingia shimo la panya. Linamwita mtoto kwa jina ambalo lina haki nalo. Kwa hiyo tulinyang'anye jina hilo."

Akawaeleza. Angempa mtoto jina jipya kwa kumnong'oneza sikioni, na wazazi wangelijua, basi. Lisitamkwe na yeyote mpaka Ijumaa baada ya swala. Wa kwanza kumwita kwa jina hilo akaitikiwa, huyo ndiye mwenye mtoto, na hakuna kisomo kitakachogeuza.

"Awe wewe, mama," alimwambia Mwanahawa. Kisha kwa Khatibu: "Na wewe, hiyo kadi ichome."

Khatibu akatoka na jiko la mkaa kwenda nyuma ya choo. Wote walisikia harufu ya plastiki ikiungua.

Jina hilo sitalitaja hapa, maana masikio hayana mlango. Nitasema tu kwamba lilikuwa zuri, na kwamba Mwanahawa alilizoea mdomoni bila sauti, akikanda unga, akichota maji, akilala amempa mume wake mgongo. Mtoto walimwita "we bibie". Alikula. Aligeuka akiitwa. Harufu ilitoka kwenye mto. Alhamisi alimkumbatia mama yake kiunoni bila kuambiwa, na Mwanahawa akaenda kulia jikoni.

Ijumaa asubuhi alikuwa akitoa maandazi ya mwisho kwenye mafuta, gauni jipya la mtoto limeshapigwa pasi, alipoisikia kutoka chumbani, laini na yenye furaha.

"Abee."

Maandazi aliyaacha yaungue. Hakwenda chumbani kwanza, kwa sababu miguu yake ilikuwa imeshajua pa kwenda. Alikwenda stoo, palipokuwa na maboksi ya simu mbovu, akasukuma mlango. Khatibu alikaa sakafuni, hakwenda dukani, nyaya masikioni, macho yamefumbwa, mashavu yamelowa. Stoo nzima ilinuka maziwa.

"Ulichoma nini?" Mwanahawa aliuliza.

"Kadi nyingine." Alifumbua macho. "Mama Zena, tulia."

"Usiniite hivyo."

"Alikuwa analia. Kila siku analia. Aliniuliza tu jina lenyewe ni lipi." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Wewe umeitikiwa miaka sita. Yeye hakuwahi kuitikiwa hata mara moja."

Mwanahawa alikimbia. Mtoto alikuwa kitandani, masikio matupu, hana waya wala kidude, ameelekea ukutani akiyumba taratibu. Mama akasimama mlangoni na kumwita kwa lile jina, kwa sauti yote aliyokuwa ameiweka tangu siku ile, mara ya kwanza, akaita tena, akaita tena.

Binti yake aligeuka, akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia bila hodi. Akaweka kidole mdomoni.

"Subiri kwanza," alisema. "Mama anaongea."