Shavu la Mkunga

Kila siku masomo yakiisha, binti yangu hupitia kwenye jumba la makumbusho, kazini kwa wifi yangu. Shangazi yake huyo ni fundi wa kutibu picha za zamani. Nyumbani binti yangu tunamwita Kidole, kwa kuwa hakuna kitu asichokigusa. Nimemwonya hadi nimechoka, na ninyi mnaosoma haya, mikono yenu mnaijua wenyewe.

Juma lile mezani kulikuwa na picha ya mkunga wa kwanza wa hospitali yetu, iliyochorwa kabla bibi yangu hajazaliwa. Shangazi alikuwa akiisafisha kwa pamba ndogo kwenye ncha ya kijiti, akiilowesha pamba hiyo kwa ulimi.

"Shangazi, unampaka mkunga mate?"

"Mate yanatoa uchafu polepole kuliko sabuni. Ila ukisugua, rangi nayo inatoka."

La kwanza alilisikia. La pili liliingia huku likatokea kule. Shangazi alipotoka kupokea simu, Kidole alichukua kijiti akasugua shavu la mkunga. Pamba ikarudi na rangi ya kahawia, na shavuni pakabaki kidoa cheupe kama punje ya mchele. Akatoa rangi zake za maji za shule, akachanganya, akapaka. Ana mkono mzuri, siwezi kumnyima hilo. Shangazi aliporudi hakuona kitu.

Kesho yake shangazi alifunga mapazia, akampa Kidole miwani ya kukinga macho, naye akavaa yake.

"Taa hii usiitazame hata kidogo, itakuumiza macho. Tazama picha tu."

Akawasha taa ya zambarau. Kidole anasema hajawahi kuona kitu kizuri vile. Vanishi kuukuu, iliyopakwa juu ya picha kuilinda, iling'aa kijani, kama maji ya bwawa yaliyopigwa na jua, na kila ufa ukajitokeza. Shavuni tu ndipo palikuwa peusi ti.

"Vanishi ya zamani hung'aa," shangazi akaeleza. "Kilichopakwa juu yake baadaye hubaki cheusi. Kuna fundi wa zamani alipaka hapa. Rangi zao hukauka kama gundi, itabidi nitumie dawa kali."

Hakumshuku mtu. Kidole angeweza kunyamaza, yakaisha. Lakini chupa ya dawa ile ilipozibuliwa, harufu yake ikamchoma puani.

"Shangazi, dawa hiyo ikikuta rangi laini?"

"Itakula hadi kwenye kitambaa picha ilipochorwa. Shavu lote litakwenda. Kwa nini?"

Kidole aliushika mkono wa shangazi. "Si fundi wa zamani. Ni mimi. Nilisugua, halafu nikapaka rangi za maji, za shule."

Shangazi aliziba chupa kwanza. Akazima taa ile, akafungua mapazia. Kisha akalowesha pamba kwa maji, akagusa mara mbili, na rangi ya shule ikatoka yote. Kidoa cheupe kilikuwa palepale, hakijaongezeka.

"Hiki nitakiziba mwenyewe," alisema. "Na wewe, wiki nzima meza hii utaitazama kutoka mlangoni. Lakini nisikilize, mwanangu. Taa imenionyesha mahali palipoguswa. Haikuniambia ni nani wala ni rangi gani, nami nikakisia vibaya. Aliyemwokoa mkunga ni wewe uliposema kweli. Ungesema jana, chupa nisingeigusa kabisa. Ukiharibu kitu, sema, na sema mapema."