Mshona Mapazia Ajifunza Kuelea

Jumamosi ile bwawa lilijaa watu pomoni. Mshona mapazia alisimama ukingoni, vazi lake jeusi la kuogelea likimfika magotini, akijuta kumsikiliza dada yake. Tangu mama yao afariki, usingizi ulikuwa umemkimbia, na hata mkasi aliuona mzito. Dada mtu, ambaye ni muuguzi, alimpeleka kwa daktari, naye daktari akamwambia kwamba pamoja na dawa, mwili nao uchangamshwe.

Ghafla mwanamume mrefu akaja akipapasa hewa, akamshika mkono.

"Shangazi, twende kivulini, jua kali."

"Shangazi yako nani?"

Akamwachia kama aliyeshika pasi ya moto. "Samahani, dada! Bila miwani sioni hata vidole vyangu. Na kutengeneza miwani ndiyo kazi yangu!"

Mshona mapazia akacheka. Kicheko kile kilimshtua mwenyewe. Hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia.

Kumbe wote wawili walikuja kwa darasa la watu wazima wasiojua kuogelea. Wakajifunza kuelea chali, bega kwa bega. Masikio yakizama, kelele zote ziliyeyuka, mshona mapazia akabaki na pumzi yake tu na mawingu yakipita taratibu, kama mapazia meupe yasiyo na dirisha. Alitoka majini mikono imelegea, njaa inamuuma, na alipofika kitandani akalala fofofo.

Simu zikaanza.

"Umelala, malkia wa mapazia?"

"Nililala vizuri tu mpaka uliponiamsha."

"Nimefurahi."

"Kuniamsha?"

"Kwamba ulilala, laazizi."

Halafu fundi miwani akanyamaza. Bwawani haji, simu inaita hadi inakatika.

"Ameshanichoka," alimwambia dada yake.

"Kamuulize mwenyewe, mdogo wangu. Usimjibie."

Akavaa gauni lake la bluu, akaenda dukani kwa fundi. Alimkuta shangazi mtu akifuta vioo vya miwani.

"Yuko nyumbani, mwanangu. Kuna siku humjia giza moyoni, akajifungia. Alinikataza nisikwambie."

Hasira zote zikamwisha. Giza hilo alilijua.

Alipogonga mlango, fundi alifungua akiwa na shati lililokunjamana na ndevu za ovyo.

"Sikutaka unione hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unapona. Niliogopa nitakuzamisha."

"Nami nikadhani umenichoka! Nimelilia pazia la mteja mpaka limeingia madoa."

Midomo ya fundi ikacheza kidogo, karibu atabasamu.

"Njoo tutembee," mshona mapazia akamwambia.

"Sina nguvu, mpenzi."

"Sijakuomba nguvu. Vaa viatu tu."

Wakaenda hadi kona ya mtaa, wakarudi. Kesho yake wakaivuka ile kona. Akamsindikiza fundi pia kwa daktari. Zilikuwepo siku fundi alipokataa katakata kutoka. Siku hizo alikaa naye tu, akishona, jua la dirishani likitambaa polepole sakafuni.

Pole kwa pole sauti ya fundi ikarudi, kisha utani wake, kisha wakarudi bwawani. Jioni moja baada ya mvua walikuwa wakitembea, barabara inang'aa kana kwamba wanakanyaga mbingu. Fundi akasimama.

"Nikianguka tena je?"

"Nitakuja kukugongea."

"Na ukianguka wewe?"

"Utakuja unigongee."

"Tutachoka kugongeana milango, mpenzi. Si bora tuwe na mlango mmoja?"

Mshona mapazia akakaza uso. "Hiyo ni posa au uvivu?"

"Vyote viwili."

Akamtazama yule mtu mrefu, miwani imejaa matone, na mkono umetangulia mbele kama anayeogopa kujikwaa. Akaushika.

"Posa nimeikubali. Uvivu tuuache hapa hapa. Haya, tembea!"