Nisainie, Naja

Nianze na langu, nisije nikaonekana namhukumu mwenzangu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ipagala. Mwaka juzi mwanamke alinijia akitaka kutubu, nami nikamfumba mdomo. Haya yote aliniambia yeye mwenyewe.

Dorkasi alitunza masijala ya siri kwenye ofisi moja ya serikali kule Mtumba, ofisi ambayo hata kibao cha jina mlangoni haina. Faili halitoki pale bila kusainiwa kitabuni: namba, jina, saa. Ila watu ni watu. Sostenes Matonya, afisa mpole wa chumba cha pili, alikuwa akipita mbio na faili kwapani: "Dada Dorkasi, nisainie, naja!" Naye humsainia. Miaka sita hivyo.

Wakubwa wawili wa ofisi ile walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Siku moja yule mdogo wao kwa cheo akamwita Dorkasi, akafunga mlango, akataka picha ya ukurasa mmoja tu wa faili la siri, wa kumchafua mwenzake. "Ukikataa, barua yako ya uhamisho ninayo hapa." Dorkasi akapiga picha kwa simu aliyoipitisha chini ya hotipoti la chakula. Kesho yake ukurasa ulikuwa kwenye magrupu yote ya WhatsApp, hadi kwa wauza zabibu.

Wachunguzi walipofungua kitabu, walikuta faili lile limetoka kwa jina la Sostenes. Dorkasi alikuwa amemsainia, kama kawaida. Safari hii hakuombwa. Wakampa Dorkasi Biblia, akaishika, akaapa kwamba mwandiko ule si wake.

Wakamchukua Sostenes Jumatano, chai yake ikiwa bado mezani. Hakurudi.

Ilianza na harufu. Saa nne asubuhi, mwezi wa nane, jua la Dodoma limekausha hata mate mdomoni, Dorkasi akasikia mle masijala harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi.

"Zaitun, umemwaga maji?" alimuuliza mhudumu wa chai.

"Maji gani, dada? Bomba lenyewe tangu juzi linakohoa tu."

Kisha karatasi zikaanza kufunuliwa ndani ya kabati lililofungwa, moja, moja, polepole, kama anayezifunua analowesha kidole kwanza. Asubuhi iliyofuata kitabu kilikuwa na mstari mpya: faili lilelile, jina la Sostenes, mwandiko wa Dorkasi, wino mbichi. Akauchana ule ukurasa, akautafuna, akaumeza. Kesho yake mistari ilikuwa miwili. Na siku ya tano, ameinama juu ya kitabu, mlango uko wazi na watu wanacheka koridoni, ile harufu ikamjia usoni, nzito sasa, ya udongo mbichi kama wa shimo lililochimbwa muda huohuo, na pumzi ikampiga shingoni, na sauti aliyoizoea miaka sita, ile ya upole yenye haraka, ikasema sikioni mwake kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu wala kivuli cha mtu: "Dada Dorkasi, nisainie, naja."

Mkono wake ukasaini. Si yeye aliyeusogeza.

Zaitun akampeleka baba yake mdogo, Masudi, mzee wa Kondoa anayewasomea wagonjwa dua, mpaka nyumbani kwa Dorkasi, Area D. Wakafukiza ubani. Masudi akasoma mpaka kanzu ikamganda mgongoni, kisha akauliza, "Nani wewe, na nani kakuita?"

Kinywa cha Dorkasi kikajibu kwa sauti ya kiume: "Kaniita mwenyewe. Alipoapa."

Masudi akafunika chetezo. "Mwanangu, huyu hatoki kwa ubani. Nenda kwa mke wa yule bwana, useme kwa kinywa chako. Ukishasema, hana tena pa kukaa."

"Nikisema watanichukua na mimi, baba," Dorkasi alinong'ona.

"Usiposema, umeshachukuliwa."

Ndipo akaja kwangu kwanza, kutafuta nguvu ya kwenda. Alinieleza yote, anatetemeka. Nami mwanangu Joel ameajiriwa jengo lilelile. Nikamwambia, "Mama, Mungu ameshasikia, inatosha. Ya serikali ni ya serikali. Nenda nyumbani, unyamaze."

Akaacha kutetemeka. Akasimama, akanipa mkono. "Asante sana, mzee," akasema. Ilikuwa sauti ya kiume.

Siku hizi Dorkasi analelewa na dada yake. Jina lake halijui. Ukimpa kalamu anasaini Sostenes. Ukimnyima, anasaini ukutani kwa kucha.

Hapa kwetu mvua imekatika tangu Aprili. Juzi, mchana kweupe, nilifungua daftari la mahudhurio ya wazee wa kanisa, likanuka udongo mbichi. Chini ya jina langu kulikuwa na jina la Sostenes. Mwandiko ni wangu. Wino ulinishika kidoleni.

Mara tatu nimefika kwa Priska, mke wa Sostenes. Kila mara anatoka mbio, ananisalimu Kigogo: "Mbukwenyi, mzee! Kuna habari?" Majirani wanamwita mke wa msaliti, hakuna anayecheza na watoto wake. Nami namwambia nilikuwa napita tu.

Naogopa. Nimeomba, nimefunga, na bado naogopa. Wewe huna mtoto kwenye jengo lile. Nakuomba, njoo Ipagala, geti la bluu nyuma ya mashine ya kusaga, umwambie: mumeo hakusaini.