Samurai Hakujibu Ndani ya Geti

Jumapili hiyo foleni ya kuingia ngome ya Kazemori ilijipinda mpaka darajani, jua linachoma. Kiyotaka, fundi wa kampuni ya matrekta, shati limemganda mgongoni, akaropoka, "Ngome gani hii? Zege tupu, na lifti ndani."

"Wewe hapo."

Akageuka. Samurai. Deraya nyekundu, kofia ya chuma yenye pembe, na chini ya kofia macho ya msichana, yaani macho ya kukata maini.

"Ya mbao iliungua vitani," samurai akasema. "Babu zako wakachanga, wakaisimamisha upya. Hutaki lifti? Panda ngazi kwa magoti."

Foleni nzima ikacheka. Kiyotaka akapenda papo hapo, jamani.

Jioni akamvizia nje ya geti. Kumbe anaitwa Chinami, gauni la maua, raba nyeupe. Wakala tambi za kukaanga.

"Mchana ulinisema vibaya."

"Si mimi, ni yule bwana. Kazi yangu ni kumuigiza samurai kwa watalii, na ndani ya geti ni marufuku kuwa mimi. Hata mama akija namwita raia."

Kuanzia hapo simu hazikupoa.

"Umekula?"

"Nashindwa, nakuwaza."

"Muongo, nasikia unatafuna."

Mara kampuni ikamhamishia Sapporo, kaskazini kwenye theluji. Ukiambiwa hama, unahama. Kiyotaka hakungoja jioni, akakimbilia ngomeni mchana kweupe, watalii wamejaa.

"Chinami, nahamishwa. Sema twende wote, au niende peke yangu."

Chinami akapiga hatua moja mbele. Lakini geti ni geti.

"Msafiri, kaskazini ni mbali. Nenda salama."

Watalii wakapiga makofi, wakidhani ni igizo. Kiyotaka akaondoka, akazima simu. Sheria aliijua, ila moyo ukiumia haukumbuki sheria. Chinami akapiga, akapiga, wapi.

Siku ya safari, sanduku mkononi, miguu ikampeleka Kiyotaka ngomeni badala ya stesheni. Akapiga magoti mbele ya samurai.

"Bwana, naomba ruhusa. Una raia anaitwa Chinami. Nataka kumuoa."

Watu wakatoa simu kurekodi. Samurai akamwinamia.

"Raia huyo alikutafuta. Ulikuwa wapi?"

"Nilijificha, Bwana."

"Wewe mjinga."

"Ndiyo, Bwana."

"Saa yangu ya kula imefika. Nifuate."

Wakatoka, deraya inagongana kacha kacha. Nje ya geti akavua kofia. Nywele zimelowa jasho, macho yamelowa pia.

"Sasa sema na mimi, si na yeye."

"Nioe. Yaani, nikuoe." Kiyotaka alichanganyikiwa kabisa. "Twende wote."

"Leo siwezi, nina mkataba wa kazi mpaka miti ya cheri ichanue. Ikichanua nakuja, nakuja kama mkeo." Akamfuta vumbi magotini. "Ila huondoki kabla hujamwambia mama. Yuko dukani kwake, hapo ng'ambo ya daraja."

"Treni yangu je?"

"Zipo nyingine."

Kiyotaka akaburuta sanduku hatua mbili, akasimama, uso umempauka.

"Chinami, naendaje ukweni mikono mitupu?"

"Ndiyo maana tunapitia kwanza kumnunulia keki za maharage. Tembea, mume wangu, deraya nzito hii."