Duara la Mama Imaculata

Mwaka tisini na tatu Songea ilishikwa na homa ya maduka. Kila aliyewahi kuuza madebe mawili ya mahindi alijiita kampuni, na kila kampuni ilitaka nembo. Riziki hiyo ikamwangukia Hironimus, fundi vibao wa Majengo, mtu wa miaka hamsini kasoro, aliyezunguka na brashi zake Mtwara, Mbeya hadi Lusaka, akarudi na sanduku moja la rangi na kitambi kimoja, basi.

Mwenyewe hakujivuna. "Simba wangu mkimwona kafanana na beberu," aliwaambia wateja, "jueni ni beberu mwenye cheo." Ng'ombe aliyemchora kwenye bucha la Ramson alikuwa anatabasamu, na watu walitoka Mjimwema kuja kumcheka. Wakishacheka, wananunua nyama. Nembo ndiyo hiyo, alisema Hironimus: mtu aondoke nayo kichwani bila kubembelezwa.

Jumanne moja asubuhi akaja mwanamke mgeni, mvi kichwa kizima, anafungua duka la vitenge.

"Shikamoo, fundi."

Hironimus akacheka. "Mama yangu, hiyo nilipaswa nikupe mimi."

Mwanamke hakucheka. "Naitwa Mama Imaculata. Nataka nembo sakafuni. Anayeiona mara moja asiisahau mpaka anaingia kaburini. Duara, na ndani yake mtu."

"Mtu gani? Mnene, mwembamba?"

"Wewe chora duara. Mtu usijisumbue naye."

Wateja wana mambo yao. Yupo aliyewahi kutaka malaika mwenye saa ya mkononi. Hironimus akabeba kopo la rangi nyeupe, msumari na uzi, akaenda. Sakafu ilikuwa mpya, saruji nyekundu, laini kama shavu. Mama Imaculata akafunga mlango kwa nje ili vumbi la barabarani lisishike rangi mbichi. Hilo nalo ni jambo la kawaida.

Fundi mwenye akili huchora duara akiwa nje yake. Lakini kuinama kwa mwenye kitambi ni kibarua cha pili, kwa hiyo Hironimus, kama ilivyo desturi yake, alikaa chini katikati, akawa anazunguka kwa makalio, uzi mkono mmoja, brashi mkono wa pili, akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya. Mstari ukarudi ulikoanzia. Akaufunga.

"Umejifungia, mjinga wewe," akajiambia. Lakini mstari wenyewe ulikuwa upana wa kiganja tu. Akasimama, akavuka.

Mstari ulikuwa bado mbele yake.

Akavuka tena, polepole, akiutazama mguu. Aliuona unapita juu ya rangi. Aliuona unatua. Ulitua ndani.

Akaruka kama mtoto. Ndani. Akautupa mfuniko wa kopo kuelekea mlangoni. Ukalia nyuma yake, ukajizungusha, ukalala kisiginoni kwake.

Mlango ukafunguliwa. Mama Imaculata akaingia na jua la saa nne, akainamisha kichwa upande, akamtazama kama mtu anavyotazama kazi iliyokamilika.

"Mama, nitoe hapa. Nakuomba."

Akachutama karibu na mstari, akanong'ona. "Aliyekuwepo kabla yako, kule nilikotoka, alishaanza kufutika."

Kisha akaenda kupanga vitenge.

Kuku wa jirani akaingia akidonoadonoa. Akauvuka mstari bila taabu. Alipotaka kurudi alikwenda, akaenda, akabaki palepale. Nyuma yake akaja Walburga, muuza vitumbua wa barabara ileile.

"Mwee! Huyu mtu alivyo hai! Na kuku kamwekea!"

"Walburga! Ni mimi! Hironimus!"

Alipiga kelele mpaka koo likachubuka. Walburga alikuwa anamkodolea kifua, anasifia rangi. Hironimus akamtazama kuku. Kuku alikuwa amenyanyua mguu mmoja, na hakuushusha tena.

Hapo akaielewa sheria ya mahali pale. Kuingia, ruhusa. Kutoka, hakuna.

Mchana magoti yake yalikuwa yameanza kuwa mazito, akakaa. Ndipo akaja Skolastika, mkewe wa ndoa ya miaka ishirini na sita.

"Mume wangu hajamaliza?"

"Kamaliza zamani," alisema Mama Imaculata. "Kadandia lori la Mbinga. Kuna kazi huko."

Uongo uliomtosha kama shati lake. Nani Majengo asingeamini kwamba Hironimus kasafiri? Skolastika akageuka aondoke. Jicho likaanguka chini.

Akasimama.

"Baba Jane?"

Hironimus alitaka kujibu. Ulimi haukuamka.

"Kitambi hicho nakijua," Skolastika alinong'ona. "Nimekilisha mimi." Akapiga magoti sakafuni.

Mama Imaculata akasogea nyuma yake, taratibu. "Mguse tu, mwanangu. Rangi imeshakauka."

Mkono ukaja. Shibiri. Nusu shibiri. Hironimus aliutaka mkono ule kuliko pumzi. Akiupata, hatakuwa peke yake. Akiupata, wamekwisha wote wawili. Bega lilikuwa kama la jiwe. Brashi ilikuwa mkononi. Akakusanya kila kilichobaki ndani yake, akainyanyua, akampiga mkewe ncha ya kidole palepale juu ya mstari.

Skolastika akaruka kama aliyeungua. Akakitazama kidole: tone jeupe la rangi. Akatoka mbio juani, kanga ikimdondoka.

Mkono wa Hironimus ukabaki umenyooka, na brashi yake.

Duka lile linajaa mpaka leo. Watu wanafunga safari toka Hanga kuja kununua vitenge, na ukiwauliza wameelekezwa na nani, wanakuna kichwa.

Skolastika alikinawa kidole kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, akakisugua kwa jiwe mpaka ngozi ikatoka. Ngozi mpya ikaota, na juu yake tone jeupe lilelile. Sasa ni mwaka wa tatu na halijakauka. Kikombe akikishika kinabaki na alama. Mto wake. Shavu la mjukuu. Kanisani, padri akisema mtakiane amani, waliokaa naye benchi moja humpa mkono kwa upendo, kisha huutazama, na hufuta viganja vyao chini ya benchi, ambako mbao sasa ni nyeupe, na mbichi.