Kaza Ya Karakana

Kitu cha kwanza Kufuli alichokiona kilikuwa vidole vya mwenzake Cheche. Kila Cheche aliposhuka mteremko wa machimbo ya mawe, kidole kimoja tu cha kila mkono kiligusa breki. Vingine vilikumbatia usukani. Kufuli mwenyewe alishika breki kwa vidole vinne, kama mtu anayening'inia dirishani.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na wenzake walimpa jina hilo la Kufuli kwa kuwa mdomo wake haukufunguka ovyo.

Kila siku baada ya masomo alimsaidia mama yake mdogo, fundi baiskeli. Karakana ilikuwa chumba chembamba, magurudumu yamening'inia darini, sakafu nyeusi kwa grisi. Mama mdogo hakupoteza maneno akiwa kazini. "Legeza," alisema, na Kufuli alizungusha spana. "Kaza," alisema, na Kufuli alibana nati mpaka vidole vikapauka. Mikono yake ilitii kabla kichwa hakijajua kimeagizwa nini.

Kila Jumamosi mama mdogo aliwafundisha watoto kuendesha baiskeli za milimani huko machimboni. Jumamosi moja alikuwa anachagua timu ya mashindano. Atakayefika chini bila kuweka mguu ardhini, ameingia. Kufuli aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

"Simameni juu ya pedali, na pedali ziwe sawa," mama mdogo alisema. "Makalio nyuma ya kiti. Tazameni njia, msitazame jiwe, maana ukilitazama jiwe utalifuata. Breki ni kabla ya kona. Na ile ya mbele iguse kama unashika yai."

"Kufuli atalibana mpaka litoke kifaranga," Cheche alisema, wenzake wakaangua kicheko. Kisha akamsogelea sikioni. "Niko nyuma yako. Ukinizibia njia, napita juu yako."

Kufuli akaanza kushuka.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Katikati, palipojaa mawe, baiskeli ilianza kupoteza mwendo na kuyumba. Nyuma yake alisikia kokoto zikiruka. Cheche alikuwa ameambiwa ahesabu hadi thelathini ndipo aondoke, lakini hakungoja. Mama mdogo, aliyesimama kando ya njia, akapaza sauti: "Kaza, mwanangu, kaza."

Mikono ikatii. Vidole vyote vikabana. Gurudumu la mbele likaganda, la nyuma likainuka, na Kufuli akarushwa juu ya usukani kama gunia. Kidevu chake kiligonga mwamba, kikapasuka. Kabla hajavuta pumzi, gurudumu la Cheche lilimpiga mbavuni, na Cheche mwenyewe akaanguka kifudifudi kwenye kokoto.

Cheche aliinuka na jino lake kiganjani.

"Umefunga breki makusudi wewe," alisema, akampiga teke la tumbo. Kufuli alipojikunja, Cheche alimkalia kifuani, akamshindilia ngumi za uso, moja, mbili, tatu, mpaka pua ikamwaga damu na helmeti ikagonga chini. Kufuli hakupiga kelele. Mkono wake ulipapasa ardhini, ukakuta jiwe, ukaliinua.

Mama mdogo aliudaka mkono ule hewani, akaukunja mpaka jiwe likaanguka.

Aliwaketisha mbalimbali, akawaosha damu kwa maji ya chupa. "Anayepigana haendeshi," alisema. "Nyote wawili mmetoka, mpaka nijue ukweli."

"Alitaka kuniua huyu," Cheche alisema. "Muulize."

"Kufuli, kwa nini ulifunga breki?"

Wote walimtazama. Damu ya kidevuni ilidondoka magotini, naye akawa anahesabu matone.

"Ulisema kaza," alisema mwishowe.

"Ndiyo, nilisema."

"Nikakaza."

Mama mdogo aliitazama mikono yake mwenyewe, yenye grisi kwenye kucha. "Masikini mimi. Nilimaanisha kaza mwendo, ukanyage pedali. Nawe ukasikia kaza ya karakana." Akapiga goti mbele yake. "Kosa ni langu, mwanangu. Nisamehe. Na wewe Cheche, ulihesabu ngapi?"

"Kumi na mbili," Cheche alijibu, akitazama pembeni.

Kufuli angeweza kuishia hapo. Lawama ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe, tena mtu mzima. Lakini alimwona mama mdogo bado amepiga goti kwenye kokoto, na moyo ukamsuta.

"Si hilo tu," alisema. "Hata usingesema, ningebana. Naogopa. Tangu siku ya kwanza naogopa."

Alingoja wamcheke.

"Ningecheka," Cheche alisema, "ila mdomo unauma."

Kidevu kilishonwa nyuzi tatu. Jumamosi mbili baadaye mama mdogo alishuka na Kufuli mteremko wote kwa miguu, wakisukuma baiskeli, wakilikagua kila jiwe. Kisha Kufuli aliendesha kuanzia robo ya chini, halafu nusu, halafu juu kabisa. Kidole kimoja kwenye breki. Mama mdogo alipoona mwendo unapungua alisema, "Kanyaga," na miguu ikakanyaga. Kufuli alifika chini, na mguu haukugusa ardhi.

"Umeingia," mama mdogo alisema. Akawaita wote wakae. "Sikilizeni. Mdomo ukifungwa, mikono ndiyo husema, na mikono haina adabu. Itabana breki, itapiga ngumi, itaokota jiwe. Mwenye hofu aiseme, mwenye hasira aiseme, tumsaidie angali juu ya baiskeli. Tusingoje kumwokota chini."

Wengine walipoondoka, Cheche alibaki akiinamia gurudumu lake. Alikuwa amerudishwa kwenye timu kwa sharti la kuhesabu thelathini kwa sauti, na pengo lake lilipiga mluzi kila alipofika sita.

"Lile jiwe," alisema bila kuinua macho. "Ulikuwa unanitisha tu, sivyo?"

Jibu jepesi lilikuwepo, tayari ulimini.

"Hapana," Kufuli alisema. "Ningekupiga nalo. Nilitaka kukupasua. Nisamehe."