Gari la Daraja la Tatu

Kilichomsumbua Wamalwa kwanza ni harufu. Alifungua duka la magari la Kirit asubuhi kama kawaida, akashika ufagio, na alipofika kwenye nafasi tupu karibu na kioo cha mbele akanusa gari jipya: viti ambavyo havijakaliwa, raba, rangi iliyokauka juzi. Fundi hakosei harufu hiyo. Lakini pale hapakuwa na gari. Palikuwa na zulia jekundu tu, na kamba iliyozungushwa ili watu wasilikanyage.

Zulia lilikuwa wazo la Kirit. Mwaka huo wa 1973 Nakuru nzima ilikuwa na wazimu wa magari ya Kijapani, kwa jinsi yalivyokuwa yakitamba kwenye mbio za Safari kila Pasaka. Uvumi ukaingia mjini kwamba kuna gari la michezo linakuja kutoka huko, la milango miwili, refu mbele, fupi nyuma. Kirit hakuwa ameahidiwa gari hilo na mtu yeyote. Hakujua bei wala tarehe. Ila aliogopa wauzaji wa Nairobi wasije wakamnyang'anya wateja, basi akatandika zulia, akaanza kusema. Daraja la kwanza, alisema, ni shilingi elfu thelathini na tano, halina redio. La pili ni elfu arobaini na mbili, lina redio, saa, na usukani wa mbao. Aliyasema kwa uso mkavu hata wakulima wa ngano wa Rongai wakaanza kumpigia simu.

Na kwa kuwa mwongo hodari hapendi kuacha kazi nusu, akaongeza mengine. Kwao Wahindu gari jipya hubarikiwa kabla halijatoka dukani: taa ya samli, vijiti vya udi, alama ya unga mwekundu kwenye boneti. Kirit akawa anafanya hayo yote kila asubuhi mbele ya zulia tupu, ili wapita njia wachungulie kiooni na kuamini kwamba gari liko njiani. Sinia ilishikwa na Madhu, mdogo wake, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipokufa. Kirit alimpenda Madhu kuliko duka, na duka alilipenda sana.

"Bhai, likija nitaliendesha mimi kwanza?" Madhu aliuliza, akimwita kaka kwa lugha yao.

"Wewe kwanza," alisema Kirit, na kwa kuwa hapakuwa na boneti ya kupaka, akampaka Madhu ule unga mwekundu kwenye paji la uso, wakacheka wote wawili.

Muda si mrefu mkulima mmoja, Kipsang, akaingia na buti za matope.

"Boss, ile ya kwanza na ile ya pili nimesikia. Sasa niambie hiyo ya tatu."

"Ya tatu gani?"

"Si ile haiuzwi? Ati inajichagulia dereva yenyewe." Kipsang alicheka. "Kijana wako ndiye ameniambia. Yule wa suti nyeupe, alikuwa amesimama hapo kwa zulia."

Kirit hakuwa na kijana wa suti nyeupe. Siku zilizofuata swali likaja kutoka Olenguruone, likaja kutoka Naivasha, kwa maneno yale yale. Kirit aliujua kila uongo aliousema, na huu haukuwa wake.

Kisha ukaja mchana wa mvua kubwa, duka limeingia giza, wateja hakuna, na katikati ya kelele za mabati Kirit na Wamalwa wakasikia sauti ndogo kutoka kwenye zulia, ti, ti, ti, sauti ya chuma cha injini kinachopoa baada ya safari ndefu, na Wamalwa akavuka kamba, akanyoosha mkono juu ya zulia, hewani, mahali boneti ingekuwa, akaurudisha upesi kwa sababu pale palikuwa pa moto, na chini yake manyoya ya zulia yalikuwa yamelala mahali pane, yamekandamizwa na uzito wasiouona.

"Boss," alinong'ona, "hii kitu iko hapa."

"Nyamaza."

"Boss, imetoka kuendeshwa sasa hivi."

Wamalwa ndiye aliyempeleka Kirit mtaa wa Bondeni kwa Mama Parvin, mjane aliyewasomea dua watu wenye majini. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho bila kumwonea huruma.

"Umetandika makao, umeyabariki, umeita watu waje kuyatazama. Ulidhani nani atakaa? Jini hahitaji gari, Kirit. Anahitaji kungojewa."

"Nifanye nini, Mama?"

"Mwambie kila anayelingoja gari hilo kwamba ulidanganya. Akibaki hata mmoja, jini hatoki. Ukimaliza, nitakuja kusoma."

Kirit akameza aibu yake. Alimwachia Madhu duka, akazunguka na Wamalwa. Rongai, Kipsang alimwita mbwa mbele ya watoto. Olenguruone walimfungia mlango. Wa mwisho alikuwa Naivasha, na walipoanza kurudi Kirit alikuwa mwepesi, karibu aimbe.

"Na Madhu?" Wamalwa akauliza.

"Madhu anajua. Yuko nami kila siku."

"Jana ameniuliza kama gia za Kijapani ni ngumu. Ulimwambia lini, boss?"

Kirit alikanyaga mafuta, wakapita Gilgil bila kuiona, na alikuwa akilia na kuomba kwa sauti, ndugu yangu, ndugu yangu, mpaka wakafika dukani jua likizama, wakakuta mlango umefungwa kwa komeo la ndani, wakauvunja, na harufu ikawapokea, nzito, ya viti vipya na petroli, na kwenye zulia kulikuwa na alama za magurudumu, mbichi za matope, zilizokwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo cha mbele cha duka na kuishia hapo, na kioo hakikuwa na hata ufa. Kando ya zulia kulikuwa na viatu vya Madhu, vimepangwa vizuri. Kwenye kioo, kimo cha mtu aliyeketi, kulikuwa na doa la unga mwekundu.

Mama Parvin alikuja kama alivyoahidi. Kirit alimzuia mlangoni. Ndani ya ile harufu ya gari alikuwa ameanza kunusa mafuta ya nazi, yale Madhu aliyopaka nywele.

"Ukisoma, kilicho humu kitaondoka?"

"Kitaondoka."

"Chote?"

Mama Parvin aliinamisha macho. "Chote, mwanangu."

"Basi rudi nyumbani, Mama."

Gari la kweli lilifika nchini baadaye, la madaraja mawili, kwa bei ambayo Kirit hakuwahi kuitaja. Wengine waliliuza. Yeye bado huwasha taa ya samli kila asubuhi mbele ya zulia, na wageni wasiojua husimama kwenye kamba, wakanusa, wakauliza hapa panangoja gari gani, na bei yake ni ngapi.

"Hilo limeshauzwa," Kirit huwaambia.